Kamati ya Kuondoa Chenga

Nilianza kuona ukungu. Ulikuwa mweupe, umeota pembeni ya mkanda wa video kama unavyoota kwenye ugali uliolala. Niliufuta kwa pamba, taratibu, maana kufuta mikanda ndiyo kazi niliyopewa ofisini, pamoja na chai.

Asubuhi hiyohiyo gari la matangazo lilizunguka Bomani nzima likitangaza kwamba Ofisi ya Kumbukumbu Zinazoonekana imeunda Kamati ya Kuondoa Chenga, ili picha za viongozi wetu ziingie kwenye kompyuta zikiwa safi na zidumu milele. Mwenyekiti ni Mheshimiwa Stanslaus, ambaye anastaafu na hajawahi kukosea.

Mkanda wenyewe ulitoka kwetu Nyarero. Bibi yangu, Nyangi, aliuleta mwaka jana kama ushahidi. Humo kuna ritongo, baraza la kijiji, na kijana mmoja wa serikali anasimama kando ya kisima akiapa kwamba maji yale ni ya kijiji daima. Sasa kisima kiko ndani ya uzio wa Mheshimiwa, na Bibi anachota mtoni, wanakonywea ng'ombe. Mheshimiwa alimwamkia Bibi vizuri, shikamoo kamili, akautazama mkanda, akakuna kovu lake juu ya nyusi, akaona chenga tupu usoni kwa yule kijana, akatoa uamuzi.

"Mama, anayeongea hapa ni chenga. Kaishitaki chenga."

Uamuzi ulikuwa wa haki, maana chenga kweli zilikuwepo. Mkanda ukabaki stoo.

Kamati ikaanza kutafuta chanzo. Katibu, Bwana Athanas, alisema chenga zinatoka Kenya, kwa sababu hata simu zetu zikifika Sirari, mpakani, hushika mtandao wa Kenya. Hoja ikapokelewa. Mjumbe mwingine akashauri waende Mwanza kutazama televisheni isiyo na chenga, wapate cha kulinganisha. Walienda, wakarudi na samaki.

Ndipo Godwin, fundi anayepiga video za harusi, akaomba ruhusa ya kufungua deki ya kuchezea mikanda. Akaeleza kuwa kichwa cha deki kimeziba uchafu wa mkanda. Kwa kuwa Mheshimiwa alikuwepo, kamati iliagiza tatizo hilo liitwe changamoto ya sehemu ya juu.

Godwin alisafisha. Picha ikaacha kuruka, ila mstari wa chenga ulibaki ukikata nyuso katikati. Mheshimiwa hakukaa kutazama. Ng'ombe wa sherehe yake ya kustaafu walikuwa wanashushwa. Aliacha agizo kwamba mikanda yote iliyoko stoo itengenezwe, kila uso wa kiongozi uonekane, na ioneshwe siku hiyo ya sherehe mbele ya wageni.

Agizo ni agizo. Ulipofika mkanda wa Bibi, Godwin akazungusha kitufe cha deki kidogokidogo, chenga zikashuka, zikatoka chini ya picha. Akapunguza wekundu uliokuwa umevujia kwenye masikio. Uso ukabaki peke yake, na kovu lake juu ya nyusi.

Godwin akanitazama. "Dada, hapo unaona kasoro?"

Nikatikisa kichwa.

Siku ya sherehe wageni walijaa hadi nje ya turubai. Kwenye kitambaa cheupe Mheshimiwa alisimama akiwa kijana, akanywa maji ya kisima kwa kibuyu, akasema, "Mimi, Stanslaus, nikikigusa kisima hiki, ninyang'anyeni mbele ya watu."

Mheshimiwa akamwamkia Bibi upya, shikamoo mara mbili.

"Marahaba," Bibi akajibu kutoka nyuma. "Chenga imepata uso, mwanangu. Lete funguo za geti."

Kamati ilikaa kikao cha dharura. Ikabaini kwamba picha ina kasoro ya kuonekana kupita kiasi, na Bwana Athanas akamwagiza Godwin arudishe chenga zote zilikotoka. Godwin akajibu kwa heshima kwamba picha imeshafika Sirari, kwenye simu za watu. Wakati huo vijana wa Nyarero walikuwa wanang'oa nguzo. Kesho yake gari la matangazo likapita tena: uzio wa Mheshimiwa hauonekani kwa sasa kutokana na sababu za kiufundi.

Bibi anachota kisimani. Mimi huwa siongei vikaoni, na hakuna aliyeniuliza. Lakini nilikuona kabla ya wote, Mheshimiwa, na muda wa kukuonya nilikuwa nao. Sikutaka.