Binti wa Sajenti na Utupu Wenye Akili

Habari aliileta Swaib, bodaboda wa mtaa wetu wa Mvara, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. "Munasikia? Phiona wa Sajenti amepata nafasi kwa chuo huko Ulaya. Iko naenda kusoma utupu! Miaka ine!"

Benchi zima la kahawa likamgeukia Sajenti, yaani Abiriga, babake Phiona. Akabetua mdomo.

"Ni kweli. Mimi nalima muhogo miaka yote nalipia yeye shule, kumbe iko nasoma kitu hakuna! Mzee, toa neno."

Mzee ndiye Afedra, mkubwa wa ukoo wao. Tunamwita Fulustopu, maana akisema, imeisha. Bila baraka yake Phiona hasafiri, na basi la Kampala ni kesho.

"Utupu hata mimi niko nayo, kwa mufuko," akasema Fulustopu.

"Nyinyi wanaume hamujui kitu," akadakia Candia, muuza kahawa. "Phiona alinieleza hapa hapa. Hata pahali tupu, iko kitu natikisika kidogo. Sasa hesabu inakubali utupu ya namna mingi, lakini ingine nguvu yake haina mwisho. Upuuzi! Yeye natafuta ile iko na akili."

"Kama wagombea wetu," Redio akacheka. "Karatasi yao yote imepita. Sasa tafuta mwenye akili!"

"Ataipata namna gani?" akauliza Fulustopu.

"Anaanza pahali iko tambarare," akajibu Candia, "pale utupu muzuri inajulikana. Halafu anga inapinda pole pole, hesabu inabeba ile utupu. Kama mwanzo iko sawa, hata kwa kupinda haiharibiki."

Mzee akajipiga goti. "Hiyo si hesabu, hiyo ni kulea mutoto! Sajenti, mama yake alikufa Phiona hana hata meno. Wewe ulianza sawa. Lete mikono."

Akamtemea mate ya baraka viganjani, aende kumpaka binti kichwani. Tukapiga makofi. Sajenti, mtu wa vita viwili, akaanza kulia mbele ya mandazi.

"Mzee, mimi nilikuja ili ukatae. Kwa nyumba tuko wawili tu."

Nilimwonea huruma, wallahi.

"Ungesema mapema," Fulustopu akanong'ona. "Mate ikitoka hairudi kwa mudomo."

Sajenti akainuka, viganja amevikinga. Redio akakimbilia pikipiki. "Panda, nakupeleka bure."

"Hapana," akasema Sajenti, akianza kutembea. "Hiyo pikipiki yako itamwaga baraka."