Kichina cha Daktari Li

Mwaka ule wa 2012 kila mtu Lodwar alikuwa anaota mafuta. Yameonekana, yanachimbwa, na hata muuza makaa alianza kutembea kama mkurugenzi. Wekesa hakuwa na haja na mafuta ya watu. Riziki yake yeye aliisikia kupitia mabati.

Alikuwa amejilaza nyuma ya saluni ya mkewe, shati wazi, joto likimkaanga, akisikiliza wateja waliokuwa wakipiga soga ndani. Habari yenyewe ilikuwa koili, ile ya kuzuia mimba. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba tangu awekewe, siku zake zimekuwa mafuriko. Karani wa ofisi ya DC naye alisema kiuno kinamkata, tumbo linamsokota, na kliniki haendi ng'o, kwa sababu nesi wa pale wanaimba naye kwaya. Wa tatu akasema angepata kitu cha kuituliza tu, bila kuitoa, angelipa hata mbuzi.

"Poleni jamani," alisema Nekesa, mkewe Wekesa, akiendelea kusuka.

Wekesa akaketi wima. Msimwone hana huruma. Huruma aliisikia, tena sana, ila kwake yeye huruma haikuwahi kuja bila kufuatana na biashara.

Na moyoni alimwonea mkewe uchungu. Wenzake wanahangaika na vifaa vya kuzuia watoto, na yeye maskini mwaka wa tano huu anamtafuta mmoja tu hampati! Mama yake Wekesa alipiga simu kila Jumapili kutoka Bungoma kuuliza kama kuna habari, na kila Jumapili Wekesa alijibu kwamba Mungu yuko kazini. Daktari bingwa wa uzazi kule Eldoret, ambaye Nekesa alikuwa akimwendea, alikuwa mtu wa gharama. Lakini Wekesa alimtaka mtoto huyo jamani. Alimtaka hadi akawa anaingia dukani kuuliza bei ya viatu vidogo, halafu anatoka akijifanya alikuwa anatafuta betri.

Basi akaamua hapo hapo kivulini: wanawake wa koili ndio watakaomlipa daktari wa Eldoret. Watapewa dawa ya Kichina.

Kwa nini ya Kichina? Zamani Wekesa aliwahi kulinda mitambo ya Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara karibu na Kitale, akawaona wanakunywa maji ya moto kwenye jua kali na hawafi. Elimu yake ya tiba ilianzia hapo na kuishia hapo. Pia alijua tabia za wateja. Mtu akiambiwa dawa imetoka mtaa wa pili, atauliza nani ameipima. Akiambiwa imetoka Uchina, atauliza kama bado iko.

Lodwar penyewe hapakufaa. Walikuwa wanamjua mno. Alishawauzia sumu ya panya iliyowanenepesha panya, na watu wa mji huo hawasahau upesi. Kwa hiyo akamwambia mkewe kwamba amepata kazi ya ukarani wa stoo katika shirika moja Kakuma, akambusu shavu, akapanda lori.

Huko Kakuma alimpata Rooda, mwanamke wa Kisomali aliyeuza vitambaa katika kambi ya wakimbizi, mwenye sauti tamu na macho yasiyopitwa na kitu. Walielewana kabla chai haijapoa. Dawa ikawa makoma, yale matunda ya mikoma ya mtoni, yaliyosagwa, tangawizi na majani ya chai, ndani ya vibokisi vyekundu. Maandishi ya Kichina Wekesa aliyanakili kwa mkono wake kutoka kwenye maelezo ya tochi.

"Na daktari?" Rooda aliuliza. "Watu wataka kumuona Mchina wao."

"Hawatamuona. Daktari Li ni mtu wa heshima, hatazami wake za watu. Atakaa nyuma ya pazia. Mgonjwa anapitisha mkono, anapimwa mshipa, basi. Wachina ndivyo wanavyotibu."

"Na akiongea?"

"Anaongea Kichina. Wewe unatafsiri."

"Kwani wewe wajua Kichina?"

Wekesa akamtazama kwa masikitiko, kisha akafungua kinywa akamwaga Kibukusu cha kwao Bungoma, kile kizito cha nyanya yake, bila kupumua. Rooda alijua Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha sokoni. Hapo hakuambulia hata chembe.

"Wallahi," alisema. "Hicho ni Kichina."

Wakawekeana sharti moja tu: Mkenya wa bara asikanyage pale, hasa hawa wa mashirika, kwa sababu ukirusha jiwe kwenye ofisi zao unampata mtu wa Bungoma. Wateja wawe ni wakimbizi peke yao.

Kazi ikashika moto. Wanawake walilipenda lile pazia. Mtu anakuja na siri yake, anatoa mkono, anaondoka na uso wake. Daktari Li aliushika mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, akataja kwa sauti ya chini majina ya ng'ombe wa babu yake.

"Anasema damu yako imeingia baridi," Rooda alitafsiri. "Bokisi mbili."

Mkono mwingine ukaingia. Daktari akalalamika kwa kirefu juu ya nge waliojaa chumbani alikopanga.

"Anasema ini limekasirika. Wewe chukua tatu."

Sasa tusimwonee Wekesa: chai ya moto ya tangawizi haijamdhuru mtu mwenye tumbo linalosokota. Wengine walipata nafuu kidogo, wakaenda kusimulia kwamba wamepona. Jeanine, mama wa Kikongo aliyekuwa akikaanga mandazi, aliyaacha mafuta jikoni kila asubuhi aje kuwahubiria wenzake kwenye benchi.

"Ile dawa iko na nguvu!" alisema. "Dokta anagusa mukono tu, anajua mambo yote ya tumbo."

Sifa zikapanda malori, zikafika Lodwar pamoja na vibokisi. Hapo ndipo Wekesa angepaswa kukunja virago. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuwaza jina la mtoto.

Mwaka ukageuka. Asubuhi moja ya vumbi, mapema 2013, Rooda alimwingiza mgonjwa aliyejifunika buibui na shungi, yakabaki macho tu. Alinong'ona maneno machache ya Kiswahili, na Rooda akamchukulia kuwa ni wa kambini kama wengine.

Daktari Li akaanza kama kawaida. Kwa Kibukusu alisema njaa inamuuma, makoma yameisha na leo itabidi wasage hata maganda, na huyu mama kama amekuja na pesa auziwe vyote vilivyobaki.

Ng'ambo ya pazia mgonjwa akainua kichwa ghafla, kama aliyeitwa na mtu wa nyumbani.

"Anasema lete mkono," Rooda alitafsiri.

Mkono ukaingia polepole. Wekesa akaweka vidole vyake vitatu, akafumba macho, akayafumbua. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na kovu la pasi ya nywele. Kovu hilo alilijua. Alikuwepo lilipopatikana, na ni yeye aliyelipaka asali. Mshipa chini ya vidole vyake ulikuwa umetulia kabisa. Uliokuwa ukiruka ni wake mwenyewe.

Nekesa! Roho ilimyeyuka. Maskini wa Mungu, ametoka Lodwar mpaka hapa kutafuta dawa ya mtoto.

"Mama, shida ni nini?" Rooda aliuliza.

"Koili," mgonjwa alisema. "Mwaka wa tano sasa. Damu imekuwa nyingi, na kiuno kinakatika."

Wekesa akauachia mkono kama sufuria ya moto. Kibukusu kikamtoka bila kuitwa.

"Koili? Koili gani? Na daktari wa Eldoret?"

"Si ndiye aliyeiweka," mgonjwa alijibu, kwa Kibukusu kile kile, na hakunong'ona. "Ulimlipa vizuri, asante. Pesa zilizobaki ndizo saluni unayolala kivulini mwake. Na stoo ya shirika iko wapi, karani? Ndiyo hii nyuma ya pazia?"

Kwenye benchi Jeanine aliruka. "Yesu wangu! Huyu mama anajua Kichina!"

Wanawake wote wakasimama. Wanasemaje? Rooda, tafsiri basi! Rooda akasogea mbele ya pazia. Hakuwa ameelewa kitu, lakini kazi ni kazi.

"Wanasema dawa inywewe baada ya kula."

"Miaka mitano, Nekesa!" Wekesa alifoka. "Miaka mitano mama yangu anapiga simu!"

"Maji yawe ya moto sana," alisema Rooda.

"Ulinidanganya." Hasira zilikuwa zimemwisha. "Mimi nilikuwa naenda dukani kuuliza bei ya viatu. Viatu vya mtoto, Nekesa."

Nekesa akalisogelea pazia. Sauti yake nayo haikuwa na ubishi tena.

"Unadhani sikumtaka? Nilimtaka, Wekesa. Lakini mtoto huulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani. Ningemfundisha ajibu nini? Ananenepesha panya? Kila mwaka nilijiambia, huu atatulia, nitaitoa. Kila mwaka unaleta kitu kipya. Sasa umenigeukia Mchina!"

Wekesa, mtu aliyeweza kuwauzia samaki wavuvi wa Lowarengak, alikaa nyuma ya kitambaa akatazama vidole vyake vya miguu.

"Na hawa wanatokwa damu kama mimi," Nekesa aliendelea. "Kuna mmoja hapa akisimama anapepesuka. Toka uwaambie umewauzia nini. Ukiweza kusema jambo moja la kweli mbele ya watu, tutaongea. Usipoweza, narudi Lodwar sasa hivi, na usinifuate."

Rooda alifikiria kidogo. "Wanasema... punguza chumvi."

Wekesa akainua pazia akatoka, fulana imelowa jasho, makalio yamekufa ganzi.

"Akina mama," alisema kwa Kiswahili, "hakuna Daktari Li. Ni mimi. Kwenye bokisi kuna makoma, tangawizi na chai. Koili haihusiani nayo hata kidogo. Nisameheni."

Hakuwahi kusema maneno ya kweli mengi hivyo kwa mfululizo, na alijisikia mwepesi ajabu. Jeanine alimkagua kuanzia juu mpaka chini.

"Weye ni nani? Dokta iko wapi?"

"Mimi ndiye dokta."

Benchi zima likaangua kicheko. "Mchina mweusi hivi!" mmoja alisema. "Mwizi huyu," akasema mwingine akivua kiatu, "alikuwa amejificha kwa daktari wa watu. Anataka tuitupe dawa aiokote akaiuze!" Wekesa kwa kuchanganyikiwa akawasemesha Kibukusu ili waamini.

"Sikieni, anamuiga!" Jeanine alisema kwa dharau. "Cha dokta kilikuwa kizuri kushinda hiki."

Kiatu kilishainuliwa. Nekesa akapanda juu ya benchi.

"Akina mama! Mmenisikia nikiongea na daktari, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, mama," waliitikia.

"Basi ameondokea mlango wa nyuma, ameitwa kwao haraka. Ameniachia neno moja. Mtu asifungue bokisi kabla nesi hajaiangalia koili yake. Ukiinywa kabla ya nesi, inageuka sumu tumboni. Na mwenye kizunguzungu aende leo, tena atangulie."

Hakuna aliyeuliza swali. Jeanine alimshika mkono yule wa kupepesuka, wengine wakajifunga leso, na msafara ukaelekea kliniki. Wekesa akageuka kutafuta kopo la mauzo. Kopo halikuwepo. Rooda hakuwepo. Na pazia pia halikuwepo, maana lilikuwa kitambaa chake.

Wakafuata nyuma, yeye na mkewe, vumbi likiwapiga machoni.

"Mimi nimesema ukweli wakataka kunipiga," Wekesa alinung'unika. "Wewe umedanganya wakakufuata."

"Nimefanya mazoezi miaka mitano," Nekesa alisema. "Na mteja wangu hakuwahi kuniuliza swali."

Kliniki, Nesi Jelagat aliwaona mmoja mmoja. Wengine aliwapa vidonge vya maumivu na vya kuongeza damu. Yule wa kupepesuka alimlaza kitandani kwanza, akamkaripia mtu yeyote aliyemchelewesha, bila kujua kwamba mtu huyo ameketi mlangoni. Zamu ya Nekesa ilipofika, Wekesa aliruhusiwa kuingia.

"Koili imekaa vizuri," nesi alisema. "Hii ya shaba wengine huwazidishia damu hivi. Kuna vidonge vya kuituliza. Au tubadilishe njia. Au kama mnataka mtoto, naitoa leo leo. Uamuzi ni wako, mama."

Wekesa alishika ukingo wa kiti. Akamtazama mkewe.

"Na mzee anafanya kazi gani?" Jelagat aliuliza akinawa mikono, maongezi tu ya kupitisha muda.

Nekesa akamgeukia mumewe, akangoja.

Majibu yalimjia kwa wingi. Karani wa stoo. Mwagizaji wa dawa. Mshauri wa mambo ya mafuta. Yote yalikuwa mazuri, na mengine yalikuja yamevaa tai.

"Sina kazi, sista," alisema.

Nekesa akamfuta vumbi begani kwa ncha ya shungi.

"Nipe vidonge," alimwambia nesi. "Koili iache kwanza. Tutarudi, mimi na huyu."