Kliniki ya Bwana Mkubwa

Profesa hakuwa na mnyama, na hakuwa na shida yoyote ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari kwa sababu palikuwa na kivuli, na kwa sababu mtu mwenye mnyama mgonjwa ana pesa na ana wasiwasi, vitu viwili ambavyo Profesa alipenda kuvikuta mahali pamoja. Uprofesa alijipa mwenyewe, siku alipookota miwani.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Ndani alisimama mwanamke mmoja aliyejaa bangili, mwenye duka la mapazia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Mezani alikuwa amemweka simbilisi, yule mnyama wa kufugwa asiye na mkia, mdogo kuliko sungura, anayekula majani na kupiga miluzi. Huyu hakuwa mdogo tena. Alikuwa wa kahawia, pua nyeupe, na tumbo lake lilifika mezani kabla ya miguu.

"Unamlisha nini?" daktari aliuliza.

"Biskuti za maziwa, mkate, ndizi. Na karanga kidogo akinuna."

"Acha vyote hivyo. Nyasi kavu zisimpungukie usiku na mchana, mboga za majani kila siku, maji safi. Usimshindishe njaa, atakufa. Na umtoe kwenye kitundu akimbiekimbie sakafuni."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa."

"Hata sindano moja?"

"Hata moja, mama. Nenda tu, sikudai kitu."

Wako watu ambao ukiwapa ushauri wa bure wanahisi umewatukana. Mama Mapazia alitoka amevimba, kitundu mkononi. Profesa alivaa miwani, akasimama kwa heshima zote.

"Pole sana, mama. Amekwambia nyasi?"

"Umejuaje?"

"Anawaambia hivyo wote. Nyasi ni za wanyama wa watu wa kawaida. Huyu wako, nikimtazama tu, naona mafuta yameshika mshipa wa heshima."

Mshipa huo haupo katika mnyama yeyote aliyewahi kuzaliwa. Mama Mapazia alishika kifua na kuketi benchini, kwa sababu hatimaye alikuwa amempata mtaalamu. Akamwaga yote. Mnyama ni wa shangazi yake, na anaitwa Bwana Mkubwa. Duka lile ni la shangazi pia, jengo na kiwanja chake. Shangazi alikuwa kwa bintiye ng'ambo, na kabla ya kuondoka alisema wazi: akirudi amkute Bwana Mkubwa mzima na mwepesi, duka anamwandikia Mama Mapazia. Akimkuta amenenepeshwa kama yule wa kwanza, aliyekufa kwa unene, duka linakwenda kwa mdogo wake Mama Mapazia.

"Na mdogo wako huyo?" Profesa aliuliza.

"Hatusemezani. Usinitajie."

Profesa hakumtaja, wala hakuuliza anafanya kazi gani. Swali hilo moja lingemwokoa, lakini akili yake ilikuwa imeshahamia kwenye chumba cha nyuma ya duka, kikavu, chenye kitanda. Yeye alikuwa analala kwenye kochi la rafiki ambaye alishaanza kuhesabu siku kwa sauti.

"Nitafungua kliniki palepale dukani kwako," alisema. "Mkanda wa kubana tumbo, sindano kutoka nje, mashine ya kukimbilia. Ila sharti moja: usichungulie. Mgonjwa akikuona atakumbuka biskuti, na tiba yote itaanza upya."

"Itagharimu?"

"Sana."

Uso wa Mama Mapazia ulitulia. Alitoa malipo ya awali hapohapo kwenye mkoba, na kesho yake Profesa alihamia chumba cha nyuma, mlangoni pakaning'inizwa pazia la mahameli ili mgonjwa asione haya.

Sasa tumtazame mtaalamu kazini. Kitundu alikiuza siku ya kwanza. Bwana Mkubwa akabaki huru sakafuni, na kwa kuwa hakumpenda Profesa, kila alipomsikia akikohoa alitimka kutoka pembe moja hadi nyingine, chini ya kitanda, nyuma ya majora ya vitambaa na kurudi. Kila asubuhi Mama Mapazia alipitisha chini ya pazia sinia la kumtia mgonjwa nguvu: biskuti, ndizi, mayai, mkate wenye siagi. Profesa alikaa kitandani akala lote, makombo pia. Mgonjwa aliletewa nyasi za kandokando ya barabara na majani ya mboga yaliyotupwa sokoni, kwa sababu vilikuwa bure, na kumwacha afe kungefuta sinia.

Jioni Profesa alipiga sufuria kwa kijiko na kuunguruma kwa koo. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine ya kukimbilia.

"Anaendeleaje?" Mama Mapazia aliuliza nyuma ya pazia.

"Anateseka, lakini kiume."

Kumpunguza mnyama hakukuwa kwenye mpango wake hata kidogo. Mpango wake ulikuwa huu: atafute simbilisi mwembamba mwenye pua nyeupe, ambadilishe na yule mnene, apokee malipo ya mwisho na aondoke na lile pazia la mahameli. Akaulizia sokoni. Kila aliyemuuliza alimwambia jambo moja, kwamba mjini pale simbilisi walifugwa na dada mmoja tu, nyuma ya kituo cha mafuta, na hata wale wa matajiri walitoka kwake.

Habari za shangazi kurudi zilipofika, Profesa alimtia Bwana Mkubwa kwenye kikapu, akamfunika na kanga. Kikapu kilikuwa chepesi. Profesa aliamini ni mikono yake iliyopata nguvu kwa mayai. Mtu anayeishi kwa kusoma nyuso za watu hana muda wa kutazama tumbo la mgonjwa wake, na huyu alishaamua tangu benchini kwamba mnyama ni mnene, basi.

Dada mfugaji alikuwa msichana mtulivu, aproni imejaa vipande vya nyasi. Alifunua kanga, akatazama pua nyeupe, akamtazama Profesa, akafunika tena.

"Unataka nini, kaka?"

"Nibadilishie. Mimi nakupa huyu mnene, nyama tele, wewe nipe mwembamba wa rangi hii. Unaona mwenyewe nani anafaidi."

"Naona," dada alisema. "Huyu mnene umemtoa wapi?"

"Wa marehemu mama yangu."

"Pole sana." Akaingia ndani, akachelewa kidogo, akarudi na simbilisi mwembamba, kahawia, pua nyeupe. "Huyu hapa. Hata wewe mwenyewe usingejua."

Profesa alirudi akipiga mluzi. Njiani alimwonea huruma dada yule, kwa namna anavyowaonea huruma wote anaowaibia, yaani kwa dakika chache na bila kupunguza mwendo.

Shangazi alifika dukani mchana, mama mfupi, mkongojo mmoja, macho makali. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Profesa alitoka nyuma ya pazia, suruali imefungwa kwa kamba kwa sababu kifungo kilishashindwa, akaweka kikapu magotini pa shangazi.

"Mgonjwa wetu, mama. Mwepesi kama alivyozaliwa."

Mama Mapazia alilia kwa furaha. Shangazi alimnyanyua mnyama, akampima kwa viganja, akamgeuza tumbo juu.

"Huyu ni jike," alisema.

Profesa alisafisha koo. "Sindano zile, mama, zina matokeo madogo ya pembeni."

Mlangoni mtu akacheka. Alikuwa dada mfugaji, bado na aproni yake, na kikapu kingine mkononi. Mama Mapazia alipomwona alipoteza rangi, kwa kuwa alikuwa mdogo wake, tumbo moja, yule asiyetajwa.

"Shikamoo, shangazi. Bwana Mkubwa huyu hapa. Kaka huyu alikuja kwangu tubadilishane, akasema ni wa marehemu mama yake."

Shangazi alimpokea. Bwana Mkubwa alikuwa laini, mwepesi, manyoya yanang'aa, na alipiga mluzi mrefu na kuruka kutoka gotini hadi mezani. Hakuwa hivyo hata wakati shangazi anaondoka. Profesa alimtazama akiwa amekodoa macho. Ndiyo kwanza alikuwa anamwona.

"Duka ni lako, maana dada yako alimwacha Bwana Mkubwa kwa mwizi," shangazi alimwambia mdogo mtu, bila mbwembwe. Mama Mapazia alikuwa amelipia tiba, tiba ilifaulu, na duka limeondoka vilevile.

Kisha shangazi alimgeukia Profesa, na sauti yake ikawa ya upole. "Mwanangu, wizi wako tutauzungumza. Lakini mnyama huyu alikuwa mikononi mwako, na sijawahi kuona tiba nzuri namna hii. Nina rafiki zangu wamefuga, wote wanyama wao wamefura. Ningekuachia chumba hiki ukaishi na kufanya kazi hii. Niambie tu, ulimfanya nini?"

Bahati kama hiyo haijawahi kumfuata tapeli. Profesa alikaza miwani, akavuta pumzi.

"Mkanda wa umeme, mama. Sindano za kuyeyusha mafuta asubuhi na jioni. Na siku nzima za kufunga bila kula, hadi anazimia."

Upole wote ukatoka usoni mwa shangazi mara moja. "Umemshindisha njaa Bwana Mkubwa? Umemchoma sindano?" Akashika mkongojo wake. "Angekuwa amepewa majani tu akaachwa akimbie, chumba kingekuwa chako."

Profesa alimtazama, akamtazama mnyama, na kitu kikamwingia taratibu kichwani. Akapiga goti.

"Mama, haki ya Mungu, ndivyo nilivyofanya. Majani tu. Nilikuwa namwacha anakimbia. Chakula chake nilikula mimi, nitazame tumbo."

Kila neno lilikuwa la kweli, na huenda lilikuwa la kwanza tangu alipoanza kuongea. Shangazi alimtazama mdogo mtu na kutikisa kichwa.

"Muongo hata haoni haya," alisema. "Mfungulie mlango atoke, na pazia langu la mahameli libaki hapa."