Nyumba Ubavuni mwa Gari

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeanza maisha mapya. Nayaandika ili nikishafanikiwa pasiwe na ubishi kuhusu nani alianza.

Jambo lenyewe ni hili. Baba ana kipande cha shamba kule Lupepo, tambarare, kando ya kijito, na ameamua kukitoa mwezi huu. Mdogo wangu Meshaki anakitaka apande parachichi. Mimi nakitaka niweke kambi ya watalii. Wanapanda kuliona ziwa Ngosi, kisha wanarudi kulala Mbeya. Kwa nini Mbeya? Kwa sababu huku hakuna aliyewafikiria. Nimewafikiria.

Baba hakuelewa. Aliuliza mtu mwenye akili zake atalalaje ndani ya shuka wakati nyumba anayo. Akasema atakuja Jumamosi hapo hapo shambani, atukute mimi na mke wangu tumekaa humo kwenye shuka letu, akae na yeye, ale, halafu ndipo aamue. Meshaki alicheka. Nimeliweka akilini.

Nina gari la foo wili, kuukuu lakini linapanda popote. Kinachokosekana ni lile turubai linalofungwa kwenye keria ya juu ya gari na kukunjuliwa ubavuni, gari likawa na kibaraza. Farhan, anayeuza vifaa vya magari mjini, analiita oningi. Alikuwa nayo mawili. La kwanza la mstatili, dogo, na kuta zake za kitambaa. Akasema hilo ndilo la mvua za huku kwetu. La pili linafunguka kama bawa la popo, linazunguka kuanzia ubavuni hadi nyuma ya gari. Halina kuta. Nikauliza lipi kubwa.

Nimechukua popo.

Jumanne, 6 Mei

Limefungwa. Linapendeza sana! Majirani watatu walisimama kuangalia. Wawili walikuwa wanasubiri mvua ipungue, lakini waliangalia.

Kuna jambo dogo. Popo huyu alitengenezewa nchi ambazo usukani uko kushoto. Kwetu anafungukia upande wa dereva. Akiwa wazi, mkono wake wa alumini unaukaba mlango wangu. Mke wangu, Tusekile, aliuliza nitaingia kupitia wapi. Nilimwonesha. Unaingia mlango wa abiria, unavuka gia, unashuka kwenye kiti. Mara ya tatu nilitumia nusu dakika tu na gia haikunichoma sana.

Kuna jambo la pili. Mvua ya Tukuyu haidondoki kutoka juu. Inakuja kwa ubavu, kama mgeni asiyebisha hodi. Tulikaa chini ya popo dakika kumi kumjaribu. Vichwa vikavu. Kuanzia magotini kushuka, tungeweza kufuga samaki.

Kwa hiyo kuta zinahitajika. Tusekile naye ana sharti. Miaka kumi na minne ya ndoa, yeye na Baba hawajawahi kutazamana usoni. Si ugomvi. Ni heshima ya Kinyakyusa ya zamani: baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai pamoja wala hawaongei. Wengi wameiacha. Baba hajaiacha, na Tusekile, kwa kumheshimu, hamvunjii. Akimwona barabarani anakata kona. Amesema atakuja Jumamosi kama kutakuwa na ukuta mzito katikati, Baba chumba chake, yeye chake. Ukuta usipokuwepo atabaki nyumbani, na kambi yangu nitaipikia mwenyewe.

Baba amewahi kuonja nilichopika. Ukuta utakuwepo.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda mtaa wa Bagamoyo kwa Mwanajuma, fundi anayeshona maturubai ya malori na mahema ya harusi. Ni mama wa makamo, hana haraka. Alisema angependa kuja kupima mwenyewe, gari likiwa mahali tambarare na mizigo yote ndani. Nikamwambia asijisumbue, nimeshapima. Nilipima asubuhi uani kwangu, tena mara mbili.

Akauliza milango iwe wapi. Nilikuwa nimelifikiria hilo usiku kucha. Mlango ndio unaopitisha mvua. Nikamwambia ashone zipu ndefu mbili, moja kwa kila chumba, na vishikio vyake viwe nje, ili upepo usiweze kuzichezea. Akauliza walio ndani watatokaje. Nikamwambia watafunguliwa.

Akachukua karatasi, akaandika kwamba mteja ameshauriwa, akanipa nitie saini. Huo ndio ufundi wa kisasa. Kila kitu kwa maandishi.

Turubai lililopo ni la bluu tupu. Nimesema sawa. Bluu ni rangi ya anga.

Alhamisi, 8 Mei

Meshaki amempelekea Baba kikapu cha parachichi. Bila sababu! Siyo sikukuu, siyo msiba. Huo ni ushawishi.

Nikampigia Baba simu, nikamweleza kwa upole kwamba bonde lile halifai kwa parachichi, mizizi itaoza. Baba akasema ana miparachichi miwili nyuma ya nyumba, kwenye bonde hilo hilo, inazaa tangu mimi niko sekondari. Akasema kikapu alicholetewa leo kimechumwa humo humo.

Kwa hiyo Meshaki amempa Baba parachichi za Baba. Na Baba ameshukuru. Sijui nifanye nini na mtu kama Meshaki.

Ijumaa, 9 Mei

Kuta ziko tayari. Mishono mizuri, mizito, hata tembo hapiti. Nilizifunga kwa Mwanajuma, kwenye kiwanja chake cha mbele, nikapata mshtuko. Upande mmoja kuta zimelala chini mkunjo juu ya mkunjo. Upande wa pili zinaning'inia usawa wa goti, kama suruali ya mtu aliyerefuka ghafla.

Mwanajuma alizunguka gari, akauliza uani kwangu kukoje. Nikasema kuna mteremko kidogo, kama kila mahali Tukuyu. Akasema basi nimepima mteremko. Akaomba siku mbili azirekebishe.

Siku mbili sina. Lakini akili ninayo. Kama kuta zimepimwa kwa mteremko, kinachotakiwa ni mteremko! Mchana nimekwenda Lupepo na jembe, nikaanza kuchimba pale tambarare ili pafanane na uani kwangu. Kazi ngumu. Saa tisa akatokea Meshaki. Akanikuta nimeinama kwenye udongo, akadhani nimeshindwa kwa heshima na ninamwandalia mashimo ya parachichi. Akaguswa. Akaenda kuleta jembe lake, akanisaidia mpaka saa kumi na moja, akaniambia kaka yake ana moyo mkubwa.

Sikumsahihisha. Alikuwa anachimba vizuri.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa nimevaa blanketi.

Tulifika saa nne. Niliegesha kwenye mteremko wangu, nikamfungua popo, nikafunga kuta. Zimekaa sawasawa! Zimegusa ardhi kila upande kama zimeota pale. Tusekile akaingia chumba cha nyuma na kigoda chake na hotpoti ya ndizi za nyama alizopika alfajiri. Baba akaja saa sita, akaangalia pembeni kama adabu inavyotaka, nikamwingiza chumba cha ubavuni, nikamkalisha kwenye kiti cha kukunja. Nilipitisha sahani yake chini ya ukuta wa kati. Kila mtu yuko mahali pake. Nilisikia fahari.

Ikaanza kunyesha. Nikatoka nikafunga zipu zote mbili kutoka nje, kama ilivyopangwa.

Baba akauliza kutokea ndani mlango uko wapi. Nikamwambia mlango ni mimi.

Akasema humo ndani kila kitu ni bluu, hata nyama. Nikamwambia watalii wanapenda.

Kisha mvua ikakaza. Sikuwa nimefikiria kwamba mteremko una tabia zake. Maji yote ya shamba yaliuona, yakaushuka, yakapita chini ya ukuta na kuingia kwa Baba. Nikamsikia akisema viatu vyake vinaondoka. Nikamwambia apandishe miguu. Hapo hapo nikaona popo amefanya tumbo. Maji yamejaa katikati ya turubai, pipa zima, linaning'inia juu ya vichwa vyao. Tusekile naye alikuwa ameliona kutoka chini. Aliniita kwa jina la mtoto wetu, kwa sauti ya utulivu sana.

"Baba Tulia, fungua."

Ningefungua. Lakini kufungua kungekuwa kukubali kushindwa, na Meshaki alikuwa anakuja kwa mbali na mwavuli wake. Nikawaza haraka. Gari likisogea mbele kidogo, likapanda kimo kidogo, tumbo litamwagikia nyuma lenyewe. Nikaingia mlango wa abiria, nikavuka gia, nikawasha, nikaachia klachi.

Nataka ieleweke kwamba sikusahau kuwa nyumba imefungwa kwenye gari. Nilijua. Niliamini tu kwamba itasogea pamoja na watu wake.

Vigingi viling'oka kimoja kimoja kama vifungo vya shati. Nikaona kwenye kioo bluu yote inanifuata. Tumbo la maji likapasukia upande, likamkuta Meshaki. Mwavuli ulimsaidia mpaka ulipogeuka. Nilipokanyaga breki nilikuwa nimekwenda mita kumi. Gari lilikuwa na nyumba, na nyumba haikuwa na watu.

Nyuma yangu, katikati ya shamba, kwenye mvua, Baba amekaa kwenye kiti na sahani mapajani, miguu juu. Hatua mbili kutoka kwake Tusekile amekaa kwenye kigoda, amekumbatia hotpoti. Katikati yao hakuna kitu. Wanatazamana. Miaka kumi na minne.

Nilijaribu kutoka. Gia ilininasa mfuko wa suruali. Kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kupitia dirishani, nikiwa nimelala kwenye kiti cha abiria.

Baba alijifunika uso kwa sahani. Tusekile akajitupia kitenge kichwani, akageuka. Wakakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, mvua ikiwapiga, na hakuna mtu wa kati wa kupeleka maneno, maana Meshaki alikuwa anatafuta kiatu chake kilichosombwa na yale maji. Mwisho Baba akauelekea mlima Rungwe, ambao haukuonekana kwa mawingu, akauambia:

"Mwambieni huyo mama ndizi zake ni nzuri. Zimeingia maji, lakini ni nzuri."

Tusekile akaelekea kijito.

"Mwambieni Mzee ziko nyingine. Asogeze sahani."

Baba akaitoa sahani kwa nyuma bila kugeuka. Tusekile akapakua bila kutazama. Nusu ilidondoka. Halafu nikaona mabega ya Baba yanatikisika, nikadhani ni baridi. Ya Tusekile nayo yakaanza. Walikuwa wanacheka. Walicheka mpaka Tusekile akalazimika kuweka hotpoti chini, na mimi nikapiga honi ili mtu anikumbuke, wakazidi.

Jumapili, 11 Mei

Baba ametuita baada ya ibada. Tulikaa sebuleni kwake, mimi na Meshaki, ambaye ana mafua. Tusekile alikaa jikoni, mlango wazi kiasi.

Baba alisema ameona aliyotaka kuyaona. Kijana mmoja alimletea matunda yake mwenyewe. Mwingine alimfungia ndani akaondoka na nyumba. Mtu mmoja tu, paa lilipoondoka, alikumbuka kukinga chakula. Shamba ni la huyo. Akamgeukia Meshaki, akamwagiza apeleke habari jikoni, ingawa jikoni kulikuwa kimya kabisa na kila neno lilikuwa limesikika.

Meshaki alirudi na jibu. Tusekile anashukuru sana, ndaga. Msimu huu atapanda maharage. Pembezoni Meshaki anaweza kuweka parachichi zake. Pale nilipochimba mteremko, maji yamejikusanya vizuri, ataweka magimbi.

Kuhusu kambi hakusema kitu. Nachukulia kwamba anaitafakari.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeamka na akili safi. Nikilitazama jambo hili bila hasira, nimeshinda. Shamba limeingia nyumbani kwangu, na Meshaki hakulipata. Hilo ndilo lilikuwa lengo.

Nimetambua pia kosa lilikuwa wapi. Siyo mimi. Ni chini. Matatizo yote yalitoka chini: mteremko, maji, vigingi. Nyumba ya kambi haitakiwi kugusa ardhi hata kidogo.

Farhan amepokea hema linalokaa juu kabisa ya keria. Unalifungua, unapanda kwa ngazi, unalala juu ya gari kama mfalme. Alianza kunieleza uzito wake na hali ya keria yangu, lakini wateja walikuwa wengi, nikamwambia tutaongea siku nyingine. Analifunga kesho.

Mtu wa kulijaribu nimeshampata. Mama yake Tusekile anakuja Ijumaa kutoka Igogwe kutusalimia. Ana miaka sabini na miwili na magoti yanamsumbua kidogo. Ngazi ina vidato tisa tu.