Boksi Jipya Juu ya Ubao wa Zamani

Jumatatu, 3 Machi
Fundi umeme amekuja. Sikumwita. Ameletwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu, mjuaji asiyeweza kupita karibu na ukuta wa mtu bila kuugonga. Fundi akafungua ubao wangu wa fyuzi, akatazama, akaomba maji ya kunywa. Kisha akauliza nani alitandaza nyaya hizi. Nikajibu ni fundi mmoja wa zamani, marehemu sasa. Akasema Mungu amrehemu, lakini alikuwa muuaji.

Fundi huyo marehemu ni mimi. Miaka thelathini na moja iliyopita nilimtazama fundi akifanya kazi kwa jirani siku mbili nzima, nikarudi nikatandaza zangu. Hazijaua mtu!

Hukumu ya leo: ubao ung'olewe, nyaya zote zibadilishwe. La sivyo binti, aliyejifungua juzi, haji na mtoto kukaa kwangu ule mwezi tuliokubaliana. Jumapili mkwe atakuja kukagua. Kukagua! Kwangu!

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Nimeshinda sebuleni. Tangu mke wangu afariki, nyumba ni kimya mpaka friji ndiyo inayozungumza. Namtaka mjukuu humu ndani. Alie kutwa, sijali.

Lakini kubadilisha nyaya ni kuvunja kuta. Chumbani kuna swichi niliyoiweka chini kabisa, usawa wa mto, maana marehemu mke wangu hakupenda kuinuka kitandani kuzima taa. Fundi amesema swichi hiyo haina akili, ataipandisha. Haipandishi ng'o.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa yao! Nimenunua boksi jipya la sakiti breka, lenye swichi kumi na mbili na mfuniko unaopitisha mwanga. Silifungi na waya wowote. Nalipigilia juu ya ubao wa zamani, kazi kwisha. Muuzaji aliuliza nataka za ampea ngapi. Nikamwambia nyeupe. Alinitazama sana.

Alhamisi, 6 Machi
Fyuzi za kauri zimetokeza, boksi halikai. Nimeliinua kwa vipande vinne vya mbao. Sasa limechomoza ukutani kama droo iliyokataa kufungwa. Kwa mbali halionekani vibaya. Nimebandika majina: JIKO, SEBULE, CHUMBA CHA MTOTO. Hilo la mwisho nimeliandika mara tatu mpaka mwandiko ukapendeza.

Katika kugongagonga, fyuzi ya jikoni ikaungua. Hiyo huungua kila wiki, imenichosha. Nimeweka msumari mahali pake. Haitaungua tena.

Ijumaa, 7 Machi
Binti amepiga simu. Aliuliza kama kweli nimebadilisha. Nikasema kila kitu kipya, mwanangu. Akalia kwa furaha. Akasema alimwambia mumewe kwamba baba ni mbishi lakini kwa mjukuu wake atasikia. Nikajisikia vibaya. Nikanywa chai, ikapita.

Harufu kidogo ya kuungua ukumbini, upande wa boksi. Nimefungua madirisha.

Jumapili, 9 Machi
Wamekuja wote watatu. Nikampakata mtoto. Paji la uso ni la bibi yake, halina ubishi. Moyo ulinijaa, nikasahau hata kuwakaribisha.

Mkwe akaenda kwenye boksi. Akalisifu! Kisha akabonyeza SEBULE. Taa ya sebule ikaendelea kuwaka. Akabonyeza JIKO. Friji ikaendelea na hadithi zake. Alizima zote kumi na mbili, moja moja, akinitazama, na taa za nyumba nzima zinawaka. Nikasema hizi za kisasa huchelewa kidogo.

Hapo moshi ukatoka nyuma ya boksi. Mkwe akakimbia nje, akazima swichi kuu kwenye mita. Alipolibandua boksi, mbao zangu mbili zilikuwa zimeshakuwa mkaa. Akauchomoa ule msumari kwa koleo, akauweka mezani mbele yangu. Binti akamchukua mtoto mikononi mwangu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu: baba, ulitaka mwanangu alale hapa. Wakaondoka. Chakula nilichopika hakikuguswa.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi fundi yuko mlangoni na vifaa vyake. Ametumwa na mkwe. Akasema ni kazi ya siku nne, kuta atazipiga lipu, swichi ya chumbani ataiacha palepale ilipo maana binti amemsihi, na Jumamosi mtoto anaweza kuletwa. Nilichotakiwa ni kumpisha apite.

Nimemrudisha. Nimemweleza kwa upole kwamba kosa nimeshaligundua mwenyewe: zile swichi hazikuwa na waya. Leo nazitia waya. Nimeshawasha tena kwenye mita.

Nimemwandikia binti kwamba Jumamosi waje, kila kitu tayari. Ujumbe ameusoma. Hajajibu. Labda kwao umeme umekatika.