Dunia Ina Mablanketi Matatu, Mimi Sina Hata Moja

Ha Mphosi,
Wilaya ya Mokhotlong,
Lesotho.
Tarehe 2 Oktoba.

Kwa Bwana Mkuu,
Ofisi ya Hewa na Mawingu,
Maseru.

Bwana Mkuu uliyetukuka,

Khotso, amani iwe nawe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umeketi vizuri, na kikombe cha chai hakiko mbali nawe. Mimi mwili hauna neno. Ni roho tu inayochemka, na ndiyo iliyonikalisha mezani nikuandikie.

Naitwa 'Malikeleli Phohlo. Nina miaka hamsini na tisa, mjane wa mwaka wa tisa sasa, na nina ng'ombe sita na mbuzi wasiosikia. Sina tabia ya kuisumbua serikali. Hata daraja letu lilipochukuliwa na maji nilinyamaza, nikavua viatu nikavuka. Lakini hili la sasa, Bwana Mkuu, likinyamaziwa litanizeesha kabla ya siku zangu.

Mwezi wa Aprili ulitutumia binti mmoja wa ofisini kwako, ausi Reitumetse, aje kutueleza kwa nini majira yamevurugika. Simlaumu. Alipanda kilima chetu na viatu vya mjini bila kunung'unika, akasimama kwenye pitso, mkutano wetu wa kijiji, mbele ya chifu na watu wote, akasema kwa adabu. Alisema jua hutuletea joto, dunia hulipokea, kisha hulirudisha juu. Lakini huko juu kuna hewa za namna fulani, za moshi wa makaa ya mawe, za magari, na za ng'ombe wanapocheua, ambazo hulizuia joto hilo lisiende zake. Alipoona wazee wanasinzia akatafuta mfano. Akasema, "Ni kama dunia imefunikwa blanketi."

Hapo ndipo alipoyakoroga. Kwa Msotho huwezi kutaja blanketi halafu ukaendelea na habari nyingine. Wazee wote waliamka. Aliulizwa ni nani kamfunika huyo Dunia, mbele ya mashahidi gani, na limebanwa na pini upande gani. Maskini binti wa watu, akajieleza mpaka akaishiwa. Alisema blanketi la kwanza lilikuwepo tangu zama na zama, nalo ni jema, maana bila hilo sote tungekuwa barafu. Ila binadamu wameongeza la pili juu yake, na sasa wanaongeza la tatu, na ndiyo sababu theluji haituangukii kama zamani.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Niliposikia neno theluji, moyo uliniruka. Nikasema kumbe! Kumbe mwizi wangu ndiye huyu!

Nikueleze theluji inanihusu nini, usije ukanidhania mtalii wa kuteleza. Ng'ambo ya mlima wetu anakaa Ntate Tlelima Phakisi, mgane, mkata manyoya ya kondoo. Kondoo akitoka mikononi mwake hana hata mkwaruzo. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Novemba, kwenye banda la kukatia manyoya, mbele ya watu kumi na mmoja na kondoo niliyekuwa nimemshika miguu, alisimamisha mkasi akasema: "'M'e 'Malikeleli, sitakuvika blanketi la ndoa siku ya jua kama mtu anayeanika nguo. Theluji ikianguka juu ya paa lako, nitakuja nikufunike mbele ya watu, waone limekuja kwa haja." Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilimwachia kondoo, akakimbia na manyoya ya upande mmoja, akaonekana hivyo hivyo mpaka Krismasi.

Ahadi ni deni, nami nimengoja majira matatu ya baridi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu limeuma kama ifuatavyo.

1. Mwaka wa kwanza theluji ilianguka juu ya kilele cha mlima peke yake. Nilimpelekea Ntate Tlelima habari, akaja na farasi mpaka mbele ya nyumba, akatazama paa. Kavu. Akatazama kilele. Cheupe. Nikamwambia paa la nyumba na kilele cha mlima si vyote viko juu? Akakuna ndevu, akasema mwanamume akianza kusogeza ahadi yake mwenyewe ataisogeza mpaka ipotee. Nilimpenda zaidi, nikamchukia zaidi. Alikunywa chai akaondoka.

2. Mwaka wa pili ilianguka kweli juu ya paa, alfajiri, kiasi cha kujaza sahani. Nilipanda ngazi na gauni la kulalia, nikaikwangua yote, nikaitia kwenye sufuria, nikafunika, nikaiweka kivulini, nikakimbia kumwita chifu wetu, Morena 'Maletsema, aje kuwa shahidi. Alikuwa anamalizia uji. Anakula taratibu mama yule, Mungu amweke. Tulipofika akafunua sufuria, akatazama sana, akasema, "'M'e 'Malikeleli, mimi naona maji." Nilimsihi ayaonje, maana yeyote mwenye ulimi angejua hayakutoka bombani. Alikataa.

3. Mwaka huu, hakuna. Si paani, si kileleni, si kwenye sufuria. Mipichi ilichanua mwezi wa Julai, katikati ya majira ya baridi, nyuki wakaja. Nilikaa nje kichwa wazi nikiwatazama wale nyuki, na nilikuwa na hasira nao, ingawa najua hawana kosa.

4. Sasa niingie kwenye sheria. Kwetu blanketi la ndoa mtu hajivishi. Hufunikwa, na anayemfunika hujulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa farasi. Langu la ndoa ya kwanza nilimzika nalo marehemu, kwa hiyo ninayo ya kulalia tu, na hayo sisemi. Dunia je? Ni mkubwa kuliko mimi, wazazi wake hawajulikani, hana ukoo unaoweza kuja kusema sisi ndio wake, na bado kafunikwa mara tatu! Tena kwetu mistari ya blanketi husimama wima, ili mwenye kulivaa akue na kustawi. Ukiilaza umemdumaza. Nilimuuliza ausi Reitumetse mistari ya blanketi la tatu imekaaje. Hakujua. Bwana Mkuu, ofisi nzima, yenye mitambo ya kutazama mawingu, na hakuna aliyetazama mistari?

5. Waliomfunika nawajua baadhi. Wako jirani zetu wanaotuzunguka pande zote nne, wenye mabomba ya moshi marefu kuliko uzio wowote. Wako na watu wa mbali ambao sijawahi kuona jiko lao. Sikatai kwamba nami nimetia uzi wangu. Binti wako alisema ng'ombe wanachangia. Wanaume walianza kucheka, akawasahihisha kwamba hewa nyingi hutokea mdomoni, si kule walikodhania, wakavunjika moyo sana. Nilikwenda nyumbani nikajaribu kurekebisha. Dume langu Sefako nililibadilishia chakula, nikalipa majani laini ya bustani, nikitumaini litacheua kwa adabu. Lilimaliza kabichi zote likacheua maradufu, tena likinitazama usoni. Kisha niliwashawishi wanawake wa chama chetu cha kuzikana tusiwashe moto wa samadi Jumatano na Alhamisi. Jumatano kijiji kizima kilikula ugali wa jana, baridi kama jiwe la mtoni. Alhamisi wanaume walikwenda kwa chifu na mabakuli mikononi. Morena 'Maletsema akaamua kwamba mapenzi ya mtu mmoja hayawezi kuwanyima watu mia mbili uji wa moto. Niliikubali hukumu, ila sikuipenda.

6. Hili la sita nilitaka kuliacha, lakini ndilo lenyewe. Jirani yangu 'Mamphonyane, ambaye mume wake yuko hai na hajui bahati hiyo aitumie vipi, alinisimamisha bombani mbele za watu akasema: "Dada, wewe hujiulizi kwa nini kachagua theluji? Huyo kasikiliza habari za hewa kwenye redio kwanza, ndipo akaapa." Watu walicheka. Nami nilicheka, nikajitwika ndoo yangu nikaenda. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na ndoo bado iko kichwani. Iliniuma, Bwana Mkuu. Kwa sababu kama ni kweli, basi mimi miaka mitatu nimekuwa nikitazama angani kumbe mtu ananicheka kutoka ng'ambo ya mlima. Mwanamke akingoja kitu ambacho kipo, huo ni uvumilivu. Akingoja kitu kilichochaguliwa kwa sababu hakiji, huo ni upumbavu, na mimi siwezi kujua kipi ni changu mpaka theluji ianguke. Ndiyo maana naitaka. Si kwa uzuri wake. Inaumiza magoti.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mambo yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lililo rahisi.

Kwanza, blanketi la tatu liondolewe. Hana haja nalo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mablanketi matatu hawezi kunijua mimi.

Pili, ikiwa kuliondoa duniani kote ni kazi kubwa, ninaelewa, nyinyi ni wachache na gari lenu nililiona, basi lifunuliwe hapa Ha Mphosi tu, kama mtu anavyofunua mfuniko kutazama nyama. Kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili inatosha. Nitakuwa nimeshaweka ngazi, na safari hii chifu atalala kwangu.

Tatu, ikiwa hata hilo ni zito, naomba cheti chenye muhuri wa ofisi yako kinachotamka kwamba mvua ya mawe ni mdogo wake theluji, baba mmoja mama mmoja. Mvua ya mawe tunayo kwa wingi. Ilishavunja madirisha mawili na haijanisaidia lolote.

Nne, ikiwa yote matatu yameshindikana, naomba Dunia aitwe kwenye baraza la Morena 'Maletsema, tusimamishwe mimi na yeye kama wake wenza, aseme mbele ya watu amemfanyia nani wema gani hata afunikwe mara tatu, nami nikiwa hapa, mikono mitupu, nafua, nalima, nakamua, na nakata kuni. Nina wivu, nalisema wazi. Usiku nikitoka nje naiona nchi imelala chini ya joto lake, imetulia, imejikunyata, na nikikumbuka kwamba moja kati ya mablanketi yake ni langu, natamani nimvue.

Naomba majibu mapema, kwa sababu Ntate Tlelima ana miaka sitini na nne, na mlima haupungui.

Msalimie mkeo na watoto, na dereva wa lile gari, na anayekupikia chai. Msalimie sana ausi Reitumetse, umwambie viatu vyake tulivipenda, na kwamba simkasirikii yeye, nakasirikia mfano wake. Wasalimie hata walio dirishani wanaopima upepo. Kwetu tunamalizia kwa kutakiana amani, mvua na neema. Nakutakia hizo zote, na kama zimebaki nafasi, theluji kidogo.

Wako mtiifu mpaka hapa,

'Malikeleli Phohlo (Bi)

Nyongeza, tarehe 6 Oktoba.

Gari la barua halikuja Ijumaa, kwa hiyo barua hii imebaki juu ya kabati, na mambo yamebadilika.

Ntate Tlelima amekuja leo saa sita mchana. Theluji hakuna, wingu hakuna. Farasi wake ana kidonda, kwa hiyo ameupanda mlima kwa miguu, blanketi zito la sufu begani, jasho likimchuruzika mpaka kwenye ndevu. 'Mamphonyane alikuwepo, kama kawaida yake. Basi nilimuuliza Ntate Tlelima papo hapo, mbele yake, kama alisikiliza redio kabla ya kuapa. Akasema: "Redio yangu haina betri tangu mke wangu afariki. Niliapa kwa theluji nikidhani ni kitu cha kila mwaka, kama manyoya ya kondoo. Ningejua, ningeapa kwa vumbi. Nimesogeza ahadi yangu, nisamehe. Unanipokea au hunipokei?"

Nimempokea.

Amenifunika uani, mistari wima, akabana pini kifuani. Ni lile lenye picha ya gunzi la hindi, la kumtakia bibi harusi watoto wengi, na wanawake wamecheka mpaka wengine wamekaa chini. Hata Morena 'Maletsema amelia. 'Mamphonyane ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Sasa ni saa tisa alasiri. Mila hainiruhusu kulivua mpaka wageni waondoke, na wageni wamenusa nyama, hawaondoki. Jua limesimama juu ya uti wa mgongo wangu. Jasho linatoka mahali ambapo sikujua pana jasho. Nimeingia ndani kama mtu anayetafuta chumvi, kumbe nakuandikia wewe, kwa hiyo usishangae wino ukiwa umetawanyika.

Bwana Mkuu, nayaondoa malalamiko yote sita na maombi yote manne. Dunia usimwite barazani. Niliyomtukana ni maneno ya mtu aliyesahau uzito wa sufu. Hili langu ni moja tu, tena la mapenzi, na bado naona nitazimia kabla nyama haijaliwa. Yeye anayo matatu. Tena mimi, kabla ya kufunikwa, niliulizwa.