Jemadari Arudi Ngome ya Kutu

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi vitani! Baada ya miaka ishirini na saba nimeingia tena Ngome ya Kutu, gemu bora la risasi lililowahi kutengenezwa. Askari wako humwoni. Unaona mkono wake, bastola yake, na korido mbele yako. Nimekufa mara kumi na moja kwenye korido ya kwanza. Zamani wale walinzi wa bati walikuwa wazito zaidi, nina hakika. Kichwa kikanizunguka, nikajilaza kwenye kochi na kitambaa kibichi usoni. Mke wangu akauliza kama vita vimekwisha. Nikamwambia jemadari anapumzika.

Sasa habari kubwa. Kuna jukwaa mtandaoni la wapenzi wa gemu hili, watu mia tatu na kumi na wawili. Nimejiunga kwa jina la Jemadari. Wanalikarabati lichezeke kwenye kompyuta za leo, na Mwenyekiti wao, mama mmoja wa maneno machache, ametangaza jambo: ndani ya chumba cha siri cha hatua ya tano watatundika kibao chenye jina la aliyekigundua kabla ya wenzake wote. Kila atakayeingia humo atalisoma. Madai yanapokelewa hadi Jumamosi saa kumi.

Mtu huyo ni mimi! Nakumbuka kama jana. Ofisi ya zamani, saa ya chakula cha mchana, bosi katoka. Mimi tarishi. Kompyuta ya karani wa kuchapa. Ukuta wenye taa ya kijani ukaguswa, ukafunguka, ndani kofia ya dhahabu. Karani yule ndiye mke wangu leo, kwa hiyo hata shahidi ninaye. Nilipomkumbusha alisema "Ehe", akaendelea kukunja mashuka.

Hakuna ajuaye ninavyokitaka kibao hiki. Nafanya kazi kwenye duka la mihuri na vibao. Miaka ishirini nachonga majina ya watu: mawakili, madaktari, makatibu wa vyama vya mpira. Langu halipo popote. Hata mlango wetu una jina la mwenye nyumba, na nililichonga mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepeleka madai yangu jukwaani. Sikutia chumvi, ila niliongeza kwamba nilikuwa nimejeruhiwa na nimebakiwa na risasi moja. Mtu lazima aweke mambo sawa.

Dakika tano hazijapita, kajitokeza mwingine! Anajiita Nyundo, fundi bomba, na eti chumba kile alikigundua yeye, ana picha. Akauliza mimi nina nini. Nikamjibu nina heshima yangu. Akasema heshima haifunguki kwenye kompyuta. Watu ishirini na wawili wakapenda jibu lake. Nimewaandika majina.

Mwenyekiti akaingilia kati. Ushahidi unaokubalika zaidi ni rekodi ya siku yenyewe. Akatueleza, kwa wasiojua, kwamba rekodi ya gemu hili haihifadhi picha. Huhifadhi vidole: kitufe gani kilibonyezwa, na wakati gani. Ukiifungua, gemu linajicheza lenyewe kwa kufuata vidole vile vile.

Sina rekodi. Lakini vidole ninavyo! Nitacheza leo, nitairudisha saa ya kompyuta nyuma miaka ishirini na saba, na faili litazaliwa likiwa zee. Nani atajua? Nimejisikia mwerevu hadi nikaona haya.

Mke wangu akauliza swali la ajabu wakati wa chai. Siku ile ya kofia ya dhahabu, nilikuwa nimekaa au nimesimama? Nikamwambia majemadari hawakai. Akatabasamu. Sikuelewa anachekea nini.

Kazini nimechonga kibao kabisa, shaba, herufi kubwa: JEMADARI, WA KWANZA KUINGIA. Bosi wetu, ambaye mji mzima humwita Mama Mihuri, akauliza ni oda ya nani. Nikasema ya mwanajeshi mmoja mstaafu. Akasema nimwambie mteja huyo herufi zimezidi ukubwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, tumbo. Nikacheza tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Mwisho nikaufikia ukuta wa taa ya kijani nikiwa hai, jasho linanitiririka. Rekodi ya dakika kumi na tisa! Tarehe yake ya zamani, safi kabisa. Nikaipeleka kwa Mwenyekiti nikiwa nimesimama.

Mke wangu akarudi, akakaa kwenye kompyuta kuchapa vyeti vya wanafunzi wake. Anafundisha uchapaji chuoni, na kesho ni mahafali yao. Anavyochapa ni raha kumtazama: vidole kumi vyote vinakwenda, macho yako dirishani. Mimi huchapa kwa kidole kimoja, ila kidole chenyewe kina nguvu.

Kulikuwa na kitu nilipaswa kukifanya kwenye kompyuta kabla hajakaa. Sikikumbuki. Kama ni cha maana kitarudi chenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Kimerudi chenyewe! Saa!

Vyeti huweka tarehe vyenyewe. Vijana arobaini wameitwa mbele ya wazazi, wamepeana mikono na mkuu wa chuo, na wote wamehitimu miaka ishirini na saba iliyopita, wengi wao kabla hawajazaliwa. Mzazi mmoja ndiye aliyegundua. Mkuu wa chuo alimwita mke wangu pembeni.

Alirudi nyumbani, akaweka mkoba chini, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Baba Pacha, leo usinisemeshe mpaka nikusemeshe." Ananiita hivyo tangu wale mapacha wetu wazaliwe, na sasa ni watu wazima wana kwao, lakini sijawahi kulisikia jina hilo likiwa baridi vile. Nikafua mapazia. Hakuna aliyeniomba.

Kama hilo halitoshi, saa kumi Mwenyekiti aliifungua rekodi yangu mbele ya jukwaa zima. Anayo kompyuta ya enzi zile, na gemu lenyewe la zamani. Mimi nilicheza hili lililokarabatiwa. Nani aliniambia kwamba katika kulikarabati walisogeza mlango wa kwanza hatua moja kushoto?

Vidole vyangu vilikwenda kushoto. Mlango ulikuwa kwingine. Basi askari wangu akaukabili ukuta. Akaukimbilia. Akaupiga risasi arobaini na tatu. Akaruka, akageuka, akaurudia. Dakika kumi na tisa! Watu themanini na sita wanatazama, mimi mmoja wao, siwezi kumsaidia. Nyundo akaandika kwamba ukuta umeonewa, hauna hata silaha.

Sasa naitwa Bwana Ukuta. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika tu kwamba faili hili limechezwa juzi au jana, na anayetaka kusahihisha madai yake anayo nafasi hadi Jumamosi. Uso umenishuka mpaka shingoni.

Ijumaa, 7 Juni

Mungu mkubwa! Nimeipata rekodi ya kweli!

Ilikuwa juu ya kabati, kwenye boksi la kadi za harusi yetu. Nilikuwa natafuta pasi ili nipige pasi yale mapazia. Diski ya mraba, ile ya zamani, na juu yake kwa mwandiko wa mke wangu: Ngome, hatua ya tano, na tarehe. Siku yenyewe! Yeye ofisini alikuwa anaandika lebo za kila mtu, hata birika lilikuwa na lebo. Kwa hiyo ile kweli nilikuwa naidanganyia bure. Nilisema kweli tangu mwanzo! Nilijisikia kulia.

Shida, kompyuta za leo hazina mdomo wa kulia diski ile. Lakini dukani ipo moja! Ile kongwe inayoendesha mashine ya kuchongea. Nikamngoja Mama Mihuri aende kunywa chai, nikaisukuma diski ndani, nikapachika waya wa kunakilia. Faili likaanza kunakiliwa. Nikapiga ngumi hewani. Ngumi ikashuka juu ya kitufe cha kuanzishia mashine.

Mashine ile haina akili ya kuuliza. Ikipewa faili, inachonga. Na kwenye meza yake kulikuwa na kibao cha shaba cha daktari wa meno, kimebaki kung'arishwa tu. Ikaanza kuchora vidole vya miaka ishirini na saba iliyopita juu ya jina la daktari, mistari juu ya mistari, mpaka jina likamezwa. Nikavuta waya. Nikavuta waya mwingine. Taa za duka zikazimika, mashine ikaendelea kidogo kwa hasira zake, ikanyamaza.

Mama Mihuri alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu daktari anakuja Jumatatu saa mbili kamili, na kwamba mimi ndiye nitakayempokea.

Haidhuru. Faili ninalo! Nimelipeleka. Mke wangu amenisemesha jioni hii, aliniomba nimpitishie chumvi.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ingawa sehemu nyingine sizipendi.

Saa kumi kamili. Jukwaa limejaa, watu mia mbili. Mke wangu alikuwa nyuma yangu anapiga pasi mapazia. Mwenyekiti akaifungua rekodi.

Uzuri ulioje! Askari alipita hatua ya tano kama anapita sebuleni kwake. Hapapasi, hakosei. Walinzi wa bati wanadondoka mmoja mmoja, risasi moja kila mmoja. Akaufikia ukuta wa taa ya kijani, akaugusa, ukafunguka. Kofia ya dhahabu! Nikarukaruka kwenye kiti. Nyundo akaandika kwamba picha yake ni ya miaka miwili baadaye, anaondoa madai yake, na heshima imefunguka. Nikampenda ghafla.

Kisha askari akasimama. Katikati ya chumba cha siri, hatikisiki. Dakika moja. Ya pili. Watu wakauliza kama rekodi imekwama. Mwenyekiti akasema saa ya rekodi inatembea, ni vidole vilivyotulia. Dakika nne nzima. Kisha vikabonyeza kitufe kimoja, na rekodi ikaisha.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoandika maneno yaliyonitoa kijasho. Amevisoma vidole vyote. Huyu mchezaji anabonyeza vitufe vya pande zote mbili za kibodi bila kusita, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayechapa barua. Yule wa Alhamisi ana kidole kimoja na hasira. Hawa si mtu mmoja. Akauliza, kwa upole, ni nani aliyekuwa anacheza.

Nikaandika ni mimi nilipokuwa kijana. Nikafuta. Nikaandika nilikuwa nimejeruhiwa. Nikafuta. Pasi nyuma yangu ikawekwa chini.

Mke wangu akasema: "Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, unaangalia kama bosi anarudi. Mkate wangu ulikuwa umeushika wewe."

Na nikaona! Sio ukuta wala kofia. Nikauona mlango, na korido tupu ya ofisi, na mkate mkononi. Mimi sikuugusa ukuta ule. Niliusikia tu ukifunguka, nikageuka, nikamwona anacheka. Miaka yote hii nimekuwa nakumbuka kicheko chake na kujipa vidole vyake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu Jumatatu. Akasema alikuwa anangoja kuona kama nitafika mwenyewe. Nikamuuliza, sasa zile dakika nne?

"Hapo ndipo uliponiuliza kama Jumapili nitatoka na wewe," akasema. "Nilikuwa nafikiria."

Dakika nne! Mimi nilidhani alikubali papo hapo. Nimekuwa nikiwaambia watu hivyo, hata mapacha.

Nilimpisha kiti. Akawaandikia jukwaa yote, kwa vidole kumi, macho yako dirishani, na hakunifedhehesha zaidi ya nilivyostahili. Mwenyekiti akamuuliza kibao kiandikwe nini. Akafikiri kidogo. Nilihesabu, haikufika dakika nne.

Jumapili, 9 Juni

Kibao kimetundikwa! Tumeingia kukiona pamoja, yeye anaendesha, mimi nimesimama nyuma. Kwenye ukuta wa chumba cha siri, juu ya kofia ya dhahabu: KARANI WA KUCHAPA ALIINGIA WA KWANZA. MLANGONI ALISIMAMA TARISHI.

Nimo! Nimechongwa! Niliona machozi yananilengalenga, nikasingizia mvuke wa pasi. Tulitoka kwenda kutembea mchana, yeye na mimi, na hakufikiri hata sekunde moja nilipomuuliza. Nyundo ameomba mke wangu amfundishe hatua ya sita. Yule mtu ana adabu kuliko nilivyodhani, japo sioni kwa nini hakuniomba mimi.

Kibao changu cha shaba nitakigeuza upande wa pili, nimchongee daktari wa meno, kesho kabla ya saa mbili. Hatajua kwamba nyuma ya jina lake yuko jemadari.

Kuna jambo moja tu. Jioni hii Mwenyekiti ametangaza kibao cha pili, hatua ya tisa, kwa mtu wa kwanza kuliruka lile shimo la mafuta bila ngazi. Mtu huyo ni mimi! Nakumbuka kama jana. Sina rekodi, lakini safari hii nimejifunza: nitachezea gemu la zamani lenyewe, siyo hili lililokarabatiwa. Hapo ndipo nilipokosea.

Saa ya kompyuta nimeshairudisha nyuma. Mke wangu kesho asubuhi anachapa upya vile vyeti arobaini, lakini nitakumbuka kuirekebisha kabla hajakaa.